Usipokee advansi ya viti vya nje kabla hujajua baraza lina mita ngapi

Hii ni kwa sisi tunaouza fenicha mtandaoni, hasa viti vya baraza na bustani. Nimejifunza kwa hasara, wewe jifunze bure.

Kuna mama mmoja wa Tabata aliona posti yangu akaniandikia WhatsApp: "Mwanangu, ile seti bado ipo?" Ni kochi la watu wawili, viti viwili na meza, fremu ya chuma. Nikamtajia bei, akalipa nusu, nikampa oda fundi wangu wa Keko. Siku ya kupeleka tukashusha mzigo, tukapanga barazani. Mlango wa grili ukagoma kufunguka, umeziba na kochi. Mama akaniangalia kwa upole tu: "Sasa mwanangu, sisi tutapita wapi?"

Mzigo ukarudi. Kirikuu kwenda na kurudi nimelipa mimi, advansi nimerudisha, na seti ilikaa kwangu miezi miwili nikaja kuitoa bila faida.

Mama hakuwa na kosa. Picha yangu ilipigwa kwenye bustani kubwa yenye nyasi, yeye ana baraza la upana wa mita moja na nusu. Nilimuuzia kiti bila kuuliza kinaenda kukaa wapi.

Siku hizi kabla ya hela nauliza haya:

1. Eneo lina ukubwa gani, na mlango unafungukia wapi?
Piga hesabu na mteja. Baraza la sm 150, kochi linalotoka ukutani sm 80, zinabaki 70. Ukiweka meza ya sm 50 mbele yake, zinabaki 20. Hapo hapiti mtu. Lakini benchi la sm 45 likiegemea ukuta, na kimeza kidogo pembeni badala ya mbele, zinabaki sm 105 za kupita. Njia isipungue sm 60. Kama ni meza ya kulia chakula, acha kama sm 75 nyuma yake ili mtu aweze kuvuta kiti na kukaa.

Mteja asiyeelewa vipimo mwambie atandaze khanga au magazeti sakafuni kwa ukubwa wa kochi, afungue mlango, halafu apite na ndoo ya maji. Akilazimika kukanyaga khanga, kochi hilo ni kubwa kwake.

2. Jua na mvua vinapiga upande gani?
Baraza linalotazama magharibi linapigwa na jua la mchana mpaka jioni. Plastiki ya bei rahisi inapauka na kukatika, chuma kinakuwa cha moto hakikaliki. Mshauri asogeze viti upande wa kivuli, au chini ya mti kama anao. Mito iwe na kava la zipu la kuvua na kufua, na umwambie wazi kwamba masika mito inaingia ndani.

3. Ni karibu na bahari?
Mteja wa Kigamboni au Mbezi Beach usimuuzie chuma kama unavyomuuzia wa Kinyerezi. Upepo wa chumvi unakula chuma, unaanzia kwenye maungio ya welding. Mpe alumini, au mbao ngumu kama mninga. Akitaka chuma lazima, hakikisha fundi amepiga rangi ya kuzuia kutu kwanza, mpaka chini ya miguu ambako wengi wanaruka.

4. Chini kuna nini?
Kwenye mchanga na nyasi miguu myembamba inazama. Mguu wa mbao ukigusa udongo unanyonya unyevu na mchwa wanapata njia. Mwambie aweke kigae au tofali bapa chini ya kila mguu. Ushauri huo ni bure, ila unakuokoa na lawama baadaye.

5. Nani atakaa?
Kama kuna bibi au babu, kiti kiwe na mikono na kimo cha kukalia kama sm 45. Makochi ya chini yanapendeza kwenye picha, ila mzee akikaa kuinuka ni kazi.

Na kwenye posti andika urefu, upana na kimo. Piga picha moja barazani kwa watu wa kawaida, mtu amekaa, ukubwa uonekane. Wengine wataona seti haiwatoshi hawatanunua. Afadhali hivyo kuliko kirikuu kurudi na mzigo.

Yule mama nilimtafuta baadaye, nina benchi la kumfaa kabisa. Akanijibu, "Nilishanunua kwingine mwanangu, asante." Sikuwa na la kusema.

Leo kabla hujaposti, chukua tepu upime kila ulichonacho. Na wewe ulishawahi kurudishiwa mzigo? Ilikuwaje? Tuambie hapo chini, tujifunze wote.