Hamburg: Maghala ya kahawa yalivyogeuka mtaa wa wenye nacho

KWA zaidi ya miaka 100, gunia la kahawa kutoka Afrika Mashariki lililoshushwa katika bandari ya Hamburg, kaskazini mwa Ujerumani, lilibebwa kwa mkono, likapandishwa kwa kamba na kapi hadi ghorofa ya nne au ya tano, likapimwa, likachambuliwa na kulazwa likisubiri bei. Leo, mita chache kutoka yalipolala magunia hayo, watu wanalala katika nyumba ambazo ni miongoni mwa zenye bei kubwa kuliko zote jijini humo.

Mtaa huo unaitwa HafenCity. Uko kando ya Mto Elbe, mwendo wa dakika 15 hivi kwa miguu kutoka ukumbi wa jiji. Ukubwa wake, pamoja na maji, ni hekta 157. Ukikamilika utakuwa umepanua eneo la katikati ya jiji kwa asilimia 40.

Kwa mkulima wa kahawa wa Mbinga au mchuuzi wa mboga wa Dar es Salaam, habari za mtaa wa matajiri wa Ulaya zinaweza kuonekana za mbali. Hata hivyo, ndani yake kuna maswali mawili yanayomgusa moja kwa moja. La kwanza ni nani anabaki na fedha ya kahawa. La pili ni nani anafaidika pale ardhi ya kando ya mto, iliyodharauliwa miaka mingi, inapopanda thamani ghafla.

Mtaa ulivyo

Mgeni anayetoka katikati ya jiji huanza kwa kuvuka madaraja ya Speicherstadt, maana yake Mji wa Maghala. Ni safu ndefu za majengo ya matofali mekundu yaliyosimama ndani ya mifereji. Upande mmja wa kila ghala ni barabara, upande wa pili ni maji, ili mzigo uingie kwa jahazi na utoke kwa mkokoteni. Baadhi ya maghala hayo bado yanahifadhi mazulia. Mengine yamekuwa makumbusho, ofisi na sehemu za kukaanga na kuuza kahawa.

Akivuka mfereji wa mwisho anaingia HafenCity yenyewe. Hapo mandhari hubadilika. Kuna majengo ya vioo, viwanja vya kupumzikia vyenye ngazi zinazoshuka hadi majini, na njia za waendao kwa miguu kando ya gati. Viwanja viwili vya mwanzo vilipewa majina ya wasafiri, Magellan na Marco Polo. Mbele, kwenye ncha ya gati, umesimama ukumbi wa muziki wa Elbphilharmonie, uliojengwa juu ya ghala la miaka ya 1960 lililokuwa likitunza kakao, chai, tumbaku na kahawa.

Wakazi wake wana shule ya msingi iliyofunguliwa mwaka 2009, ambayo kwa uhaba wa ardhi uwanja wake wa michezo uko juu ya paa. Wana treni ya chini ya ardhi tangu mwaka 2012. Wanapotembea na watoto upande wa mashariki hupita Bustani ya Lohse, palipokuwa na stesheni ambayo kati ya mwaka 1940 na 1945 Wayahudi, Wasinti na Waroma zaidi ya 8,000 walipakiwa kwenye mabehewa kupelekwa katika mageto na kambi za mauaji. Mnara wa kumbukumbu uliwekwa mwaka 2017. Mbele zaidi ni Baakenhafen, gati ambalo meli zilipakia askari wa Ujerumani wa kwenda kuwapiga Waherero na Wanama wa Namibia mwaka 1904. Sasa ni eneo la nyumba za kuishi na bustani ya watoto.

Kahawa ilipita hapa

Mji wa Maghala ulianza kujengwa mwaka 1883 na kufunguliwa mwaka 1888, Hamburg ilipojiunga na eneo la ushuru la Ujerumani. Jiji lilikubaliwa kubaki na bandari huru, ambamo wafanyabiashara waliweza kuingiza, kuhifadhi na kuchanganya bidhaa bila kulipa ushuru hadi zinapotoka.

Ili kupata nafasi, watu wapatao 20,000 waliondolewa. Wenye nyumba walilipwa. Wapangaji, wengi wao vibarua wa bandari, walitafuta makazi mbali na kazi zao.

Mwaka 1887 lilianzishwa soko la kahawa la Hamburg. Wakati huo kampuni za jiji hilo zilikuwa tayari zinaijua pwani yetu. Kampuni ya O'Swald ilikuwa Zanzibar tangu mwaka 1849 ikifanya biashara ya kauri, na baadaye bidhaa nyingine.

Kilichoufanya mtaa ule kuwa tajiri si kulima. Hakuna mbuni unaoota Hamburg. Utajiri ulitokana na kuhifadhi, kupanga madaraja, kuchanganya, kukopesha na kukaanga. Mpaka leo mkondo ni uleule. Makao makuu ya Neumann, mojawapo ya kampuni kubwa duniani katika biashara ya kahawa ghafi, yako HafenCity.

Kikwazo kwa msindikaji wa Tanzania si ushuru wa kuingia sokoni. Tanzania, ikiwa katika kundi la nchi zenye maendeleo duni, inaruhusiwa kuingiza kahawa Ulaya bila ushuru wa forodha, iwe ghafi au iliyokaangwa. Vikwazo ni vingine. Kahawa iliyokaangwa hupoteza ladha haraka, wanunuzi wanataka mchanganyiko wa kahawa za nchi nyingi, na jina la bidhaa hujengwa kwa fedha nyingi. Ujerumani nayo hutoza kodi yake ya euro 2.19 kwa kila kilo ya kahawa iliyokaangwa, bila kujali imekaangwa wapi. Hivyo serikali ya mnywaji hupata fungu lake kwa uhakika, bei ya mkulima ipande au ishuke.

Kontena lilivyoua kazi ya magunia

Mwaka 1968 meli ya kwanza iliyobeba makontena pekee ilitia nanga Hamburg. Kontena halikuhitaji ghala la ghorofa tano wala kibarua wa kubeba gunia. Lilihitaji uwanja mpana, kreni na maji yenye kina. Kazi ikahamia ng'ambo ya mto, na magati ya zamani yakaanza kubaki matupu.

Hapo ndipo jiji lilipofanya jambo la kuigwa. Ardhi kubwa ya bandari ilikuwa mali ya umma, lakini majengo na haki za kupanga vilikuwa mikononi mwa makampuni. Mwaka 1995 jiji liliunda kampuni yake na kuanza kununua haki hizo kimyakimya. Mpango ulitangazwa hadharani mwaka 1997, na meya wa wakati huo, Henning Voscherau. Kama ungetangazwa kwanza, walanguzi wangepandisha bei na faida ingeishia kwao.

Fedha za kuuza viwanja zilikusudiwa kujenga barabara, madaraja na magati ya mtaa mpya, na pia kusaidia bandari mpya ya makontena ya Altenwerder, iliyofunguliwa mwaka 2002. Altenwerder kilikuwa kijiji cha wavuvi na wakulima. Wakazi waliondolewa kuanzia miaka ya 1970, na wa mwisho alihama mwaka 1998. Lililobaki ni kanisa na makaburi yake, katikati ya bandari. Kwa hiyo gharama ya mtaa wa matajiri iliwafikia pia watu wa jembe na nyavu.

Jiji lilivyouza viwanja

Kwa mfanyabiashara, sehemu yenye faida zaidi ni utaratibu wa kuuza. Aliyeshinda zabuni hakuuziwa kiwanja siku hiyo. Alipewa muda maalumu, kwa kawaida zaidi ya mwaka mmoja, wa kupima udongo, kuandaa michoro na kuomba kibali. Alilipa na kumilikishwa baada ya kupata kibali. Aliyeshindwa, kiwanja kilirudi kwa jiji.

Katika viwanja vya nyumba, bei peke yake haikuamua. Ubora wa wazo ulipewa uzito wa asilimia 70 na bei asilimia 30. Vyama vya ushirika vya nyumba, pamoja na vikundi vya familia zilizounganisha akiba zao, vilipata viwanja ambavyo katika mnada wa kawaida vingechukuliwa na wenye mitaji mikubwa.

Hata hivyo, miaka ya mwanzo mtaa ulilalamikiwa kuwa wa matajiri watupu. Kuanzia karibu mwaka 2010 jiji likaweka sharti kwamba theluthi moja ya nyumba mpya ziwe za kodi nafuu. Ndiyo maana Baakenhafen ina wakazi wa vipato mchanganyiko kuliko magati ya mwanzo.

Kuishi na maji

HafenCity iko nje ya tuta kuu linaloikinga Hamburg na mafuriko. Usiku wa kuamkia Februari 17, 1962, maji ya bahari yalipanda mto na kuua watu 315 jijini humo. Mwaka 1976 maji yalipanda zaidi, hadi mita 6.45, lakini matuta yalikuwa yameimarishwa.

Badala ya kujenga ukuta, wahandisi waliinua ardhi hadi mita 8 au 9 juu ya usawa wa bahari. Barabara na nyumba zimekaa juu. Njia za kando ya gati zimeachwa chini ili maji yapite yanapokuja. Ghorofa za chini zinazotazama maji ni za maduka na migahawa, na zina milango ya chuma inayofungwa onyo likitolewa. Kwa njia hiyo kila mjenzi alilipia kinga ya kiwanja chake, na jiji halikulazimika kungoja tuta moja kubwa likamilike.

Si yote yaliyokwenda sawa. Makadirio ya awali ya mchango wa jiji katika ukumbi wa muziki yalikuwa euro milioni 77. Ukumbi ulipofunguliwa Januari 2017, jiji lilikuwa limetoa euro milioni 789. Mtikisiko wa fedha wa mwaka 2008 ulisimamisha kwa miaka kadhaa eneo kubwa la maduka, ambalo lilifunguliwa Aprili 2025. Katika ujenzi wake, Oktoba 2023, vibarua watano walikufa baada ya jukwaa kuanguka. Mwezi huohuo mnara uliokusudiwa kufika mita 245 ulisimama ukiwa na mita 100 hivi, mjenzi alipoishiwa fedha.

Somo kwa Msimbazi

Hamburg na Dar es Salaam ni miji rafiki tangu mwaka 2010. Dar es Salaam nayo ina mto unaopita karibu na kitovu chake. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu zaidi ya 40, na familia nyingi za bondeni zikahamishiwa Mabwepande. Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola milioni 200 kwa mradi wa Bonde la Msimbazi, unaohusu daraja jipya la Jangwani, kupanua mto, bustani ya jiji na ardhi itakayoinuliwa kwa ajili ya majengo.

Ardhi hiyo ikishainuliwa haitakuwa tena ya mchicha na gereji. Itakuwa ardhi ghali kando ya mto, hatua chache kutoka Kariakoo. Mama lishe, mkulima wa bustani na fundi waliokuwa wakipata riziki hapo ni sawa na wapangaji wa Hamburg wa mwaka 1883: hawana hati ya kuonyesha, lakini wana kazi ya kupoteza.

Uzoefu wa Hamburg unaonyesha kwamba sharti la wanyonge likingoja mpaka viwanja vya kwanza viuzwe, viwanja bora huwa vimekwisha. Vizimba vya soko, viwanja vya vikundi vya ushirika na nyumba za kodi nafuu vinapaswa kuandikwa katika masharti ya mauzo kabla ya zabuni ya kwanza. Kikundi cha wafanyabiashara chenye usajili, akaunti ya benki na vitabu vya hesabu ndicho kitakachoweza kuomba nafasi hiyo. Asiyesajiliwa atabaki kulalamika.

Kwa mkulima wa kahawa, kazi iko kwenye kumbukumbu. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2023, ambayo tarehe ya kuanza kutumika imeahirishwa zaidi ya mara moja, inataka kila shehena ya kahawa ionyeshe shamba ilikotoka, na kwamba halikufyekwa msituni baada ya Desemba 31, 2020. Chama cha msingi chenye orodha ya wanachama wake na vipimo vya mashamba yao kitakuwa na bidhaa inayouzika Hamburg. Kisicho nayo kitalazimika kumuuzia mwenye nayo, kwa bei atakayopanga yeye.