Who, which na that: vishazi rejeshi vya Kiingereza vinavyotukwamisha sisi wa Kiswahili



Tulio wengi huku ughaibuni Kiingereza cha kuongea hakitupi tabu tena. Dukani, kazini, kwa daktari, mambo yanakwenda. Tabu inaanza siku ya kuandika: barua ya Uhamiaji, maombi ya kazi, tasnifu ya chuo. Barua nyingi za jamaa hupitia mikononi mwangu kabla hazijatumwa, na kosa ninalokutana nalo kila mara ni la vishazi rejeshi, yaani vile vipande vya sentensi vinavyoanza na who, which, that au whose. Nitaeleza kwa kupitia Kiswahili chetu, maana makosa mengi chanzo chake ni hapo hapo.

1. Kumtaja mtu mara mbili

Sisi tunasema "mtu niliyempa barua". Hebu itazame hiyo "niliyempa". Mna -ye- ya urejeshi, halafu mna -m- ya mtendewa, na zote mbili zinamrudia mtu yule yule. Vivyo hivyo "watu niliokaa nao": -o- ya kwanza ni ya watu, na "nao" ni ya watu tena. Kwetu huo ni ufasaha, na wenzetu wa Oman na Ghuba wanajua kuwa Kiarabu nacho kinafanya hivyo hivyo.

Sasa mtu akihamisha mtindo huo mzima mzima, anaandika: "The man who I gave him the letter" au "The people who I stayed with them". Kiingereza hakikubali. Sentensi ya asili ni "I gave him the letter". Hiyo "him" ndiyo iliyogeuka "who" ikapelekwa mbele. Haiwezi kubaki na nyuma. Andika: "The man who I gave the letter to", "The people who I stayed with". Ukitaka kuonekana rasmi zaidi: "The man to whom I gave the letter". Hapo ndipo whom inapohitajika hasa, baada ya kihusishi. Kwingineko siku hizi watu wengi huandika who tu.

2. Lini kirejeshi kinaweza kuachwa

"The letter I wrote is lost" ni sahihi kabisa. Kirejeshi kimeachwa kwa sababu barua ndiyo iliyoandikwa, haikuandika. Lakini "The man came yesterday is my uncle" si sahihi, maana huyo mtu ndiye aliyekuja, ndiye mtenda. Kanuni ni nyepesi: kirejeshi kikiwa ndicho mtenda wa kitenzi kinachofuata, kibakishe, kikiwa ndicho mtendewa, una hiari. Ila hiari hiyo ni ya vile vishazi visivyo na mkato, na mkato ndio tunaouendea sasa.

3. Mkato unaoweza kukuletea balaa

Hapa naomba tutulie kidogo. Mtu anaandika kumwombea mkewe viza. Kwa Kiswahili angesema: "Mke wangu anayeishi Zanzibar ni mwalimu." Nani atamuuliza ana wake wangapi? Msomaji anaelewa kwa muktadha. Kwa Kiingereza sentensi ni mbili:

"My wife, who lives in Zanzibar, is a teacher."
"My wife who lives in Zanzibar is a teacher."

Ya kwanza ina mikato miwili. Kishazi ni nyongeza tu: mke ni mmoja, na kwa taarifa yako anaishi Zanzibar. Ya pili haina mkato. Kishazi kinachagua: kati ya wake zangu, yule wa Zanzibar. Sasa kumbuka kwamba Sheria ya Uhamiaji ya Uingereza ya mwaka 1988 ina kifungu mahsusi kinachobana kuingia kwa wake wa ndoa za mitala. Sisemi afisa atakunyima viza kwa sababu ya mkato mmoja, lakini kwa nini umpe sababu ya kukuuliza swali ambalo hukulitarajia?

Kipimo: kifute kishazi. Kama msomaji bado anajua unamsema nani, weka mikato, na iwe miwili, wa kufungua na wa kufunga. Kama hajui tena, usiweke hata mmoja. Na kishazi chenye mikato hakianzi na that. Tumia who au which. Kwenye kishazi kisicho na mikato, Waingereza huandika that au which wapendavyo. Wahariri wengi wa Marekani wanataka that tu, ushauri ambao Fowler aliupigia debe kwenye kamusi yake ya matumizi ya mwaka 1926. Kwa hiyo ukiwa Marekani, fuata hivyo usigombane na mhariri.

4. Kiingereza hakina ngeli

Ngeli zetu ni neema. Ukisema "nilimuuzia gari jirani yangu lisilokuwa na breki", hata kama umelitenga neno, ile li- inarudi kwa gari moja kwa moja. Andika "I sold a car to my neighbour that had no brakes" uone watu wanavyocheka: jirani ndiye hana breki! Kiingereza kinategemea ujirani wa maneno. Weka kishazi ubavuni mwa nomino yake: "I sold my neighbour a car that had no brakes."

Hili si la kuchekea tu. Mwaka 2003 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kesi ya Barnhart dhidi ya Thomas. Mama mmoja aliyekuwa mwendesha lifti, ambaye kazi yake ilifutwa mwaka 1995, aliomba malipo ya ulemavu. Sheria ilitaja kazi ya zamani ya mwombaji, kisha kazi nyingine yoyote "which exists in the national economy". Yeye alidai kishazi hicho kinagusa na kazi ya zamani, na kazi ya lifti haipo tena. Majaji wote walisema kishazi kinaishikilia ile nomino iliyo karibu, basi. Akashindwa. Na hapo hata Kiswahili kingekwama, maana zote mbili ni "kazi", ngeli moja.

5. Which ya jambo zima

"He passed the exam, which surprised us." Kilichotushangaza si mtihani, ni kufaulu kwake. Sisi tungesema "jambo ambalo lilitushangaza". Mkato hapo ni lazima.

Basi, ukimaliza barua yako, pitia kila who, which na that ujiulize matatu: nimemtaja mtu mara mbili? Kishazi kiko ubavuni mwa nomino yake? Kinachagua au kinaongeza tu? Mwenye mfano mgumu zaidi aulete tuupasue pamoja.

Naomba kuwasilisha.