Okidi ya Chui: Tuitunze, Tusiing'oe

Okidi ya chui ni ule mmea wenye mashina kama miwa midogo, unaokaa juu ya mibuyu na mikoma na kutoa maua ya manjano yenye madoadoa ya kahawia. Wengi hudhani ni kupe wa mti. Sivyo. Haunyonyi mti, unajishikilia tu. Mizizi yake mingine husimama juu kama sindano na kudaka majani makavu. Yakioza, ndiyo chakula chake.

Kwa hivyo tusiupande kwenye udongo, utaoza. Tufanye hivi:

1. Kabla ya mvua, gawa mmea kwa kisu safi. Kila kipande kiwe na mashina 3 au 4.
2. Kifunge kwa kamba ya katani kwenye mti wenye gome la kukwaruza, pahali penye kivuli chepesi.
3. Nyunyizia maji asubuhi mpaka mizizi ishike. Kiangazi, punguza maji.

Sasa neno gumu. Tumeona watu wakizing'oa msituni na kuziuza barabarani. Hiyo ni pesa ya siku moja. Mbegu zake ni ndogo kama vumbi, na hazioti bila ukungu fulani wa kuzilisha. Mmea mama ukiondoka, kupata mwingine ni miaka. Anzeni na ule ulioanguka na tawi shambani kwenu, na kabla ya kuuza mwulize ofisi ya KWS habari ya kibali. Kuzipeleka nje ya nchi bila kibali ni kosa.

Anayegawa leo atagawa tena mwakani. Aliyemaliza msitu atagawa nini?