Homa ya Mpiganaji Aliyekwisha Rudi Nyumbani

Kionga, au Quionga kama Wareno walivyouandika, ni mji mdogo kusini ya mdomo wa Mto Ruvuma, katika jimbo la Cabo Delgado, Msumbiji. Majeshi ya Kireno yaliuteka kutoka kwa Wajerumani mwezi Aprili, 1916. Lakini katika vita vile vya Afrika ya Mashariki, maradhi, malaria ikiwamo, yaliwaua askari wa Kireno wengi kuliko risasi.

Vita hivyo viliacha fundisho jingine. Mwaka 1922, Daktari John Stephens wa Liverpool, Uingereza, alieleza aina mpya ya vimelea vya malaria, aliyoiona katika damu ya mgonjwa aliyetoka Afrika ya Mashariki. Aliiita ovale, kwa sababu ya umbo la yai la baadhi ya chembe za damu zilizoambukizwa.

Malaria iliyoenea zaidi Afrika ni falsiparamu, nayo huua upesi. Kwa kawaida hujitokeza katika muda wa mwezi mmoja. Ovale ni adimu, na hila yake ni nyingine: hulala ndani ya ini, ikaamka baada ya miezi mingi. Tembe nyingi za kinga wanazomeza askari wakiwa kazini haziviui vimelea vilivyolala.

Kati ya mwaka 2021 na 2024, nchi za SADC zilipeleka askari Cabo Delgado. Miongoni mwao walikuwamo wa Lesotho, nchi ya milima isiyo na malaria yake yenyewe. Askari akishikwa na homa huko kwao, mganga aweza kudhani ni mafua.

Tena, vipimo vya haraka vya tone la damu vingine hutambua falsiparamu peke yake. Kwa hiyo jibu la "hakuna malaria" halitoshi. Damu itazamwe kwa hadubini, na homa ikiendelea, irudiwe baada ya saa 12 hadi 24.

Dawa mseto husafisha damu, bali haifiki kwa vimelea vilivyolala. Hivyo huondolewa kwa primakwini, kwa kawaida siku 14. Kabla ya kuitumia, mgonjwa hupimwa upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD, kwani mwenye upungufu huo aweza kuharibikiwa damu. Mjamzito hapewi.

Basi mpiganaji au polisi ashikwaye na homa, hata mwaka mmoja baada ya kurudi, asingoje wala asijinunulie dawa dukani. Aende hospitali siku hiyo hiyo, na neno lake la kwanza kwa mganga liwe mahali alikotumikia na tarehe aliyoondoka.