Selotepu kwenye swichi

Kilichoninyima usingizi ni kipande cha selotepu.

Usiku mmoja nilitazama kwenye simu filamu fupi kutoka Sweden, Lights Out, ya mwaka 2013. Haifiki dakika tatu na hakuna mazungumzo. Mwanamke anazima taa ya koridoni akalale. Gizani, kule mwisho, amesimama mtu. Anawasha: hakuna mtu. Anazima: yupo. Anawasha, anazima, na mara hii mtu yuko usoni pake. Basi anafanya ambalo mimi na wewe tungelifanya. Anachukua selotepu, anaibana swichi isizimike, anakwenda kitandani. Hapo ndipo nilipomwamini, na hapo ndipo nilipoanza kumhofia. Taa ya koridoni inazimika hata hivyo.

Mwongozaji, David F. Sandberg, aliipiga nyumbani kwake, na mwigizaji ni mkewe, Lotta Losten. Waliitengenezea shindano la Bloody Cuts la Uingereza, na Sandberg akapata tuzo ya mwongozaji bora.

Sandberg si mchoyo wa siri zake. Amezieleza mwenyewe kwenye video. Kamera husimama kwenye stendi, isiguswe. Unapiga taa ikiwaka, unapiga taa ikiwa imezimwa, kivuli kikiwepo na kisipokuwepo. Kisha kwenye kompyuta, anaonyesha, unaigawa picha sehemu mbili: upande mmoja mkono wa Lotta unaendelea kubonyeza swichi bila kukatwa, upande wa pili koridoni panabadilishwa kimyakimya. Nimeirudia mara nyingi nikitafuta mshono, sikuuona. Jicho hufuata mkono. Kwa kuwa mkono haukatiki, tunaamini hata kile kilichosimama nyuma ya giza.

Filamu ilipoenea mtandaoni, watu wa Hollywood wakaanza kumtafuta Sandberg kwa wingi. Anasimulia kwamba ilimbidi atengeneze jedwali akumbuke ameongea na nani na wamekubaliana nini.

Mwaka 2016 ikatoka filamu ndefu, James Wan akiwa miongoni mwa watayarishaji. Iligharimu takriban dola milioni 4.9, ikaingiza zaidi ya milioni 140. Kivuli kikapewa jina, Diana, kikapewa na ugonjwa na historia ya hospitali. Ni kazi nzuri, lakini mimi bado namwogopa yule wa koridoni asiye na jina. Alitaka nini? Kwa nini alingoja mwenye nyumba apande kitandani? Na je, fedha zikiongezeka, ni lazima kila kitisho kielezwe?

Sandberg hakumsahau wa nyumbani. Filamu ile ndefu inaanzia ghalani usiku, na anayekutana na kivuli kwa mara ya kwanza ni Lotta Losten, mkono kwenye swichi: anazima, anawasha, anazima.