Mwaka wa Mafunzo ya Kazini katika Kampuni za Programu za Kompyuta Nchini Uingereza: Ufafanuzi kwa Wazazi, Wadhamini na Watumishi wa Umma

Mzazi wa Unguja au Pemba ambaye mtoto wake anasoma fani ya kompyuta nchini Uingereza huweza kupokea habari, mwishoni mwa mwaka wa pili wa masomo, kwamba mwaka unaofuata mtoto huyo hatoingia darasani bali ataajiriwa na kampuni. Habari hiyo huzusha shaka. Mmoja hudhani kijana amefukuzwa chuoni, mwengine hudhani ametamani fedha akaacha masomo, na mdhamini asiyeuelewa utaratibu huweza kusitisha msaada wake wakati ule ule unapohitajika. Taarifa hii inafafanua mwaka huo ni nini, mwanafunzi hufanya nini humo, na mambo gani yanapaswa kuangaliwa kabla ya mkataba kutiwa saini.

Utaratibu wenyewe si mpya. Chuo cha ufundi cha Sunderland kiliuanza mwaka 1903 kwa wanafunzi wa uhandisi, na vyuo vya ufundi vilivyopandishwa hadhi kuwa vyuo vikuu mwaka 1966, vikiwemo Bath, Brunel, Surrey na Loughborough, viliufanya kuwa sehemu ya sifa zao. Waingereza huuita utaratibu huo kwa jina la sandwichi, yaani mkate wa vipande viwili wenye kitu katikati: miaka miwili ya masomo, mwaka mmoja wa kazi, kisha mwaka wa mwisho wa masomo. Shahada ya miaka mitatu hivyo huwa ya miaka minne. Katika mwaka huo kijana hubaki kuwa mwanafunzi, chuo humteulia mwalimu wa kumfuatilia, naye huandika ripoti inayopimwa. Asiyeupata au asiyeufaulu mwaka huo kwa kawaida hurejeshwa katika shahada ile ile isiyo na mafunzo ya kazini, wala hapotezi masomo aliyokwishafaulu.

Kazi katika kampuni ya programu haianzi kwa kuandika programu. Wiki za mwanzo hupita katika kusoma maelfu ya mistari iliyoandikwa na watu wengine, baadhi yao wakiwa wamekwishaondoka, na katika kujifunza namna timu inavyotunza kumbukumbu za kila badiliko. Kampuni nyingi hutumia kwa ajili hiyo programu ya Git, iliyobuniwa mwaka 2005 na Linus Torvalds. Mwanafunzi huchukua nakala ya kazi, hufanya marekebisho yake pembeni, kisha mwenzake mwenye uzoefu huyapitia mstari kwa mstari kabla hayajaunganishwa na kazi ya wote. Hapa ndipo vijana wengi hujikuta katika mtihani wa kwanza, kwani aliyezoea kupata alama nzuri darasani hurejeshewa kazi yake mara tatu au nne ikiwa na masahihisho. Anayeona hilo ni kudhalilishwa hupoteza miezi kadhaa. Aliyewahi kukaa mbele ya mwalimu wa chuoni na kurejeshwa aya moja asubuhi nzima hadi matamshi yatimie, huenda akauzoea mapema zaidi.

Mfano mmoja unatosha kuonesha elimu isiyopatikana darasani. Chukuliwe programu inayohesabu saa za wauguzi wa zamu ya usiku hospitalini, kuanzia saa 4 usiku hadi saa 12 alfajiri. Kwa hesabu ya kawaida hizo ni saa 8. Lakini nchini Uingereza, usiku wa kuamkia Jumapili ya mwisho ya mwezi wa Machi, saa 7 usiku inapotimia saa zote husogezwa mbele hadi saa 8, na muuguzi huyo huwa amefanya kazi saa 7 tu. Usiku wa kuamkia Jumapili ya mwisho ya Oktoba, saa 8 usiku hurudishwa nyuma kuwa saa 7, na zamu ile ile huwa ya saa 9. Programu inayotoa muda wa kuingia katika muda wa kutoka bila ya kuzingatia jambo hilo humlipa mtu kisichokuwa chake mara moja kwa mwaka, na mara nyengine humnyima haki yake. Kijana wa visiwani, aliyekulia mahali ambapo jua halibadiliki sana na saa hazisogezwi, hana sababu ya kulifikiria hilo. Dawa yake ni kuhifadhi nyakati zote kwa saa ya kimataifa isiyosogezwa, kuzigeuza kuwa za mahali pale tu zinapoonyeshwa kwa mtumiaji, na kuandika majaribio yanayoendesha programu kwa tarehe hizo mbili kabla hazijafika. Aliyeifanya kazi hiyo mara moja, kwa malipo ya watu halisi, hatoisahau.

Ama kuhusu masharti, yapo yanayohitaji uangalifu. Mwenye viza ya masomo katika ngazi ya shahada haruhusiwi kwa kawaida kufanya kazi zaidi ya saa 20 kwa wiki wakati wa muhula. Katika mafunzo ya kazini huruhusiwa kufanya kazi kwa saa kamili, mradi mafunzo hayo ni sehemu ya kozi, yanapimwa, na hayazidi nusu ya muda wa kozi yote. Aliyeingia nchini kwa kozi ya miaka mitatu kisha akahamia ya miaka minne anapaswa kuhakikisha kuwa muda wa viza yake unatosha, na ofisi ya chuo inayoshughulikia wanafunzi wa kigeni ndiyo ya kuulizwa kwanza. Aidha, viza hiyo hairuhusu kujiajiri. Kijana anayewatengenezea wafanyabiashara tovuti kwa malipo yake binafsi nyakati za jioni, hata kama fedha ni kidogo, anahatarisha masomo yake yote.

Kuhusu ada, sheria ya England huweka kikomo cha moja ya tano ya ada ya juu kwa mwaka wa mafunzo ya kazini, lakini kikomo hicho ni cha wanafunzi wa huko. Kwa wanafunzi wa kigeni kila chuo hupanga chake, hivyo jibu litakiwe kwa maandishi. Kima cha chini cha mshahara hakimhusu kisheria mwanafunzi aliye katika mafunzo yasiyozidi mwaka mmoja ambayo ni sehemu ya kozi yake. Kampuni nyingi za programu hulipa vizuri, lakini mkataba usomwe, na kodi ya pango katika mji wa kampuni iulizwe kabla ya kukubali.

Programu anazoziandika kijana akiwa mwajiriwa ni mali ya mwajiri kwa mujibu wa Sheria ya Hakimiliki ya Uingereza ya mwaka 1988. Haruhusiwi kurudi nazo nyumbani, wala kuzionesha katika ripoti yake bila ya idhini.

Lipo pia suala la ibada, ambalo wazazi hulifikiria na vijana huona haya kulitaja. Mjini London katikati ya Disemba jua huzama kabla ya saa 10 jioni, kwa hiyo adhuhuri, alasiri na magharibi zote huangukia ndani ya saa za kazi. Ni bora kijana alieleze hilo kwa msimamizi wake katika wiki ya kwanza, pamoja na sala ya Ijumaa, kuliko kuondoka mezani kimya kimya.

Mtumishi wa umma aliye katika likizo ya masomo azingatie kwamba ruhusa ya miaka mitatu haiongezeki yenyewe kwa sababu kozi imekuwa ya miaka minne. Maombi ya kuongezewa muda, yakiambatanishwa na barua ya chuo na nakala ya mkataba wa kampuni, yafikishwe kwa mwajiri wake kabla ya mafunzo kuanza, na humo aeleze wazi kwamba atakuwa akilipwa mshahara na kampuni hiyo.