Vipimo vya maji ya samaki: Kwa nini rangi hudanganya

MFUGAJI anayekuta samaki wake wakihema juu ya maji alfajiri huanza kwa kulaumu chakula, kisha joto, kisha aliyemuuzia samaki. Mwishoni lawama hufika kwenye maji, na hapo ndipo kikasha kidogo chenye chupa za matone na kadi ya rangi hutolewa kabatini.

Kikasha hicho kimewaokoa samaki wengi. Kimewaua wengine pia, kwa sababu jibu lililokosewa humfanya mtu abadilishe maji yaliyokuwa salama au ayaache yaliyokwisha kuharibika.

Katika Manispaa ya Mtwara na vijiji vya pwani hadi kwenye delta ya mto Ruvuma, suala hilo lina uzito wa aina mbili. Wapo wanaofuga samaki wa mapambo katika matangi ya kioo sebuleni, na wapo wanaofuga mwatiko katika mabwawa ya maji ya chumvi nyuma ya mikoko. Wote hutumia vipimo vinavyofanana, na makosa yao yanafanana kuliko wanavyodhani.

Vipimo vya nyumbani viko vya namna mbili. Kuna karatasi nyembamba zinazochovywa majini na kubadilika rangi, na kuna vitendanishi vya matone vinavyochanganywa na maji katika kichupa cha kioo. Karatasi ni rahisi, lakini zinachukia unyevu, na hewa ya pwani ya kusini ina unyevu mwingi takriban mwaka mzima. Kopo likifunguliwa kwa vidole vyenye maji, au likaachwa wazi kwa nusu saa, karatasi zilizobaki huanza kuharibika kabla hazijatumika.

Vitendanishi vya matone ni sahihi zaidi, lakini navyo vina tarehe ya mwisho wa matumizi. Joto na jua huvichosha upesi. Kuviweka dirishani au juu ya jokofu panapotoka joto ni kuvifupishia maisha. Vinataka kabati lenye kivuli, vifuniko vilivyokazwa, na kila kifuniko kirudi kwenye chupa yake, kwani tone moja la dawa ya chupa nyingine linatosha kuharibu kipimo cha miezi.

Kosa la kwanza kwa wingi ni kichupa kichafu. Kichupa kilichosuuzwa kwa maji ya bomba na kuachwa na matone ndani yake hubeba klorini na madini ya bomba hadi kwenye kipimo. Kisuuzwe mara mbili au tatu kwa maji yale yale yanayokwenda kupimwa, ndipo kijazwe hadi kwenye mstari. Uso wa maji ndani ya kichupa hujipinda kama bakuli, na kinachopaswa kugusa mstari ni sehemu ya chini ya mpindo huo, si kingo zake.

Kidole kisitumike kuziba kichupa wakati wa kukitikisa. Jasho, sabuni na mabaki ya chakula cha samaki kwenye ngozi huingia majini, na ngozi yenyewe hudhurika, kwa kuwa baadhi ya dawa hizo ni tindikali au magadi makali. Kwa sababu hiyo hiyo maji yaliyokwisha kupimwa hayarudishwi katika tangi, na kikasha hakiachwi mahali watoto wanapofika.

Chupa ya matone ishikwe wima kabisa, mdomo ukitazama chini. Ikiinamishwa, tone hubadilika ukubwa, na matone manane ya leo hayalingani na matone manane ya jana.

Kipimo cha nitrati ndicho kinachowapotosha wengi. Moja ya chupa zake, katika aina nyingi zinazouzwa, ina unga ambao hutuama chini. Unga huo ndio unaoigeuza nitrati kuwa nitriti ili rangi itokee. Asiyetikisa chupa kwa nguvu kwa muda wote ulioandikwa kwenye maelezo, ambao mara nyingi ni nusu dakika kwa chupa na dakika nzima kwa kichupa baada ya kuchanganya, hupata rangi ya njano na kufurahi kwamba maji yake ni safi. Maji hayo yanaweza kuwa na nitrati nyingi kupindukia.

Upo pia mtego wa vizio. Kiwandani wengine huhesabu nitrati yote, wengine huhesabu naitrojeni iliyomo ndani yake tu. Namba 10 kwa hesabu ya naitrojeni ni sawa na namba 44 hivi kwa hesabu ya nitrati yote. Watu wawili wanaweza kubishana jioni nzima juu ya maji yale yale, na wote wakawa wamesema kweli.

Baada ya matone kutiwa, saa ndiyo mwamuzi. Maelezo yakisema dakika tano, rangi isomwe kwenye dakika ya tano. Ikisomwa mapema huwa haijakomaa. Ikiachwa robo saa huendelea kukolea na kumtisha mwenye samaki bila sababu.

Rangi isomwe kwa mwanga wa mchana, kivulini, kichupa kikiwa mbele ya sehemu nyeupe ya kadi. Taa ya njano ya sebuleni hugeuza kijani kuwa kitu kingine kabisa. Baadhi ya watu, hasa wanaume, hawatofautishi vizuri nyekundu na kijani, na wengine hawajijui. Si aibu kumwita mtu mwingine wa nyumbani aisome kadi.

Kwa amonia, kusoma rangi sawasawa hakutoshi. Vikasha vingi huonyesha amonia yote kwa pamoja, ilhali inayowadhuru zaidi samaki ni ile iliyo huru, na wingi wake hutegemea pH na joto. Katika maji yasiyo ya chumvi yenye pH 7 na joto la nyuzi 28, iliyo huru haifiki sehemu 1 katika kila 100. pH ikipanda hadi 8.2 kwa joto hilo hilo, inafika karibu sehemu 10 katika kila 100. Katika maji ya bahari hupungua kidogo tu.

Maana yake ni kwamba rangi ile ile ya kijani hafifu, ambayo kwa mfugaji wa maji laini ya mvua ni onyo dogo, kwa mwenye tangi la maji ya bahari ni hatari. Hali ni hiyo hiyo kwa anayetumia maji ya visima vilivyochimbwa katika miamba ya matumbawe, ambayo kwa kawaida huwa na chokaa nyingi na pH ya juu. Kusoma amonia bila kusoma pH na joto kwa wakati mmoja ni nusu ya kazi.

Aidha, baadhi ya vitendanishi vya amonia vya aina ya zamani huweka ukungu katika maji ya chumvi, na hutoa majibu ya uongo iwapo dawa ya kuondoa klorini ilitiwa katika tangi. Maelezo ya kikasha husema kama kinafaa kwa maji ya bahari na kadi ipi itumike. Kwa bahati mbaya karatasi hiyo ndiyo inayotupwa ya kwanza.

Saa ya kuchota maji nayo ina neno lake. Mchana mwani na mimea hutumia hewa ya ukaa na pH hupanda; usiku viumbe wote huitoa na pH hushuka. Bwawa lililopimwa saa 10 alasiri leo na saa 12 asubuhi kesho litaonekana limeharibika ghafla, kumbe ni mzunguko wa kila siku. Oksijeni huwa chini kabisa kabla ya jua kuchomoza, na ndiyo sababu samaki huonekana wakihema wakati huo. Vipimo vya kulinganishwa vichukuliwe saa moja ileile.

Kwa wafugaji wa mwatiko, mvua huleta mtego mwingine. Mtwara hupata msimu mmoja wa mvua, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili au Mei. Maji ya mvua ni mepesi kuliko ya bahari, hivyo huelea juu ya bwawa kama mafuta juu ya mchuzi. Anayechota kwa kata pembeni hupima mvua, wala hapimi maji wanamoishi samaki. Chupa iliyofungwa mawe na kizibo chenye kamba huteremshwa hadi chini, kizibo kikavutwa hapo, na tofauti ya majibu hayo mawili ndiyo habari yenyewe.

Udongo wa mikoko una madini ya salfa na chuma ambayo yakifunikwa na maji hayana madhara. Yakichimbuliwa na kukauka, hewa huyageuza kuwa tindikali kali. Mvua za kwanza huisomba kutoka kwenye kingo za bwawa hadi ndani. pH ipimwe kando ya kingo mara baada ya mvua hizo, kwani katikati ya bwawa habari hufika ikiwa imechelewa.

Kiwango cha chumvi cha maji ya bahari ni takriban gramu 35 katika kila kilo moja ya maji. Haidromita ya plastiki yenye mkono unaocheza husema uongo ikiwa na kiputo kimoja cha hewa kwenye mkono huo. Rifraktomita ni bora, lakini irekebishwe kwa myeyusho maalumu wa kiwango hicho cha 35. Kuirekebisha kwa maji yasiyo na chumvi pekee kunaweza kuiacha na kosa kule juu inakotumika. Anayechota maji ya tangi ufukweni Shangani achote bahari ikiwa imejaa, maana maji yanapokupwa hurudi na taka za nchi kavu.

Anayekitilia shaka kikasha chake anaweza kukijaribu kwa maji yaliyokenekwa. Amonia, nitriti na nitrati zote zinapaswa kusoma sifuri. Kwa pH jaribio hilo halifai, kwa kuwa maji hayo hayana cha kuishikilia. Mwenye kuyanunua kwenye maduka ya vipuri vya magari asome lebo mara mbili, kwani kinachoitwa maji ya betri huweza kuwa tindikali.

Rangi ikifika mwisho wa kadi, kipimo kimezidiwa. Sehemu moja ya maji ichanganywe na sehemu nne za maji yaliyokenekwa, ipimwe upya, na jibu lizidishwe kwa tano.

Majibu yakiendelea kupingana, sampuli ipelekwe maabara ya ubora wa maji ya Wizara ya Maji iliyopo Mtwara, katika chupa safi iliyojazwa hadi juu, ikiwa ndani ya barafu, siku ile ile ilipochotwa. pH, joto na oksijeni viandikwe pale pale bwawani, kwa sababu hubadilika njiani.